Nimeshinda kesi lakini sijalipwa: maswali kuhusu kukaza hukumu kupitia mshahara wa mdaiwa

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani Majengo, na kilichonitoa kwenye cherehani ni hukumu yangu mwenyewe. Mwaka 2014 nilishinda kesi ya shilingi 8,400,000 dhidi ya mtu niliyemshonea sare za shule. Alizichukua zote, akaziuza, akaacha kupokea simu zangu. Siku ya hukumu nilitoka mahakamani nalia kwa furaha, nikampigia mama kijijini nikamwambia hela imerudi. Hela haikuwa imerudi. Ilinichukua mpaka Novemba 2019 kuipata yote, na ilitoka kwenye mshahara wa yule bwana, mwezi kwa mwezi.

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na watu wanaokuja na hukumu zao ndani ya bahasha za kaki, wa hapa Moshi na wa Arusha. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Hakimu amesema nilipwe. Mbona mahakama hainilipi?

Kwa sababu mahakama haina fedha za mdaiwa wako. Hukumu inasema nani ana haki na kwa kiasi gani. Baada ya hukumu hutoka tuzo, karatasi fupi inayotaja amri yenyewe: fulani amlipe fulani kiasi hiki, pamoja na gharama za kesi. Mdaiwa akilipa mwenyewe, mambo yameisha. Asipolipa, hakuna mtu pale mahakamani atakayeamka asubuhi akumbuke deni lako. Ni wewe unayerudi kuomba tuzo itekelezwe. Watu wengi hukaa nyumbani miezi minane wakisubiri kuitwa, na mdaiwa anaitumia miezi hiyo kuuza gari na kuhamisha mali.

Kukaza hukumu ni nini, na mshahara unaingiaje hapo?

Kukaza hukumu ni kuiomba mahakama itumie nguvu yake kukupatia kilichoandikwa kwenye tuzo. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inatoa njia kadhaa: kukamata mali na kuiuza, kukamata fedha ambazo mdaiwa anamdai mtu mwingine au ambazo mtu huyo anamshikia, kumweka mdaiwa gerezani kama mfungwa wa madai, na nyinginezo. Mshahara ni mali kama mali nyingine. Mahakama inaweza kumwamuru mwajiri azuie sehemu yake kila mwezi na kuiwasilisha mpaka deni liishe.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kubomoa maisha ya mtu. Hakuna gari la dalali wa mahakama mlangoni wala kitanda kubebwa watoto wakitazama. Mimi naipenda kuliko nyingine zote kwa sababu hiyo. Ubaya wake ni kwamba inakwenda polepole, na inamtegemea mtu aliye kwenye ajira inayoeleweka.

Kesi yangu ilikuwa Mahakama ya Mwanzo. Haya yote yananihusu?

Kwa sehemu. Mahakama ya Mwanzo haifuati Sheria ya Mwenendo wa Madai. Ina kanuni zake za mwaka 1964, na maombi ya kukaza hukumu yanaweza kutolewa hata kwa mdomo mbele ya hakimu. Nenda palepale ilipoamuliwa kesi, iwe Maromboso pale Arusha au Moshi Mjini, uende na nakala ya hukumu, umwambie karani unataka kukaza hukumu. Ukitamka maneno hayo mawili atakuelewa mara moja. Mambo ya msingi ninayoyaeleza hapa chini, kama kumjua mwajiri, kutunza stakabadhi na kuwa na hesabu sahihi, ni yaleyale kila mahali. Vifungu na taratibu nitakazozitaja ni za Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na kwenda juu.

Kwa Arusha kuna unafuu mmoja: Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kimeweka ngazi mbalimbali za mahakama kwenye jengo moja, hivyo ukielekezwa ngazi nyingine hupandi daladala.

Kuna muda wa mwisho wa kuomba?

Kwa mahakama zinazofuata Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, ni miaka 12 tangu tuzo. Usiifanye hiyo kuwa sababu ya kulala. Ukikaa zaidi ya mwaka mmoja, mahakama lazima kwanza imwite mdaiwa aje aeleze kwa nini tuzo isitekelezwe dhidi yake, na hapo unampa nafasi nyingine ya kuomba tarehe. Mtu aliyeajiriwa leo anaweza asiwe kazini mwakani. Omba nakala ya hukumu na tuzo wiki ileile.

Sijui mdaiwa anafanya kazi wapi. Nifanyeje?

Hapa ndipo kazi ilipo. Fomu na mihuri ni rahisi. Kinachowashinda wengi ni kumjua mwajiri kwa jina lake kamili. Mahakama haiwezi kuandika amri kwa "kampuni moja ya utalii pale Sakina". Inahitaji jina lililosajiliwa, anwani, na ikiwezekana cheo cha mtu anayelipa mishahara.

Mimi nilijua tu kwamba yule bwana ni dereva. Nilianza na jalada la kesi. Kwenye utetezi wake alikuwa ameandika anwani ya posta, na sanduku lile halikuwa lake, lilikuwa la kampuni. Angalia na nyaraka za mwanzo kabisa za biashara yenu: hundi aliyowahi kukupa, mkataba, barua yenye nembo, hata ujumbe aliokuandikia akisema "nikipata mshahara tarehe 25 nitakulipa". Mtu anayetaja tarehe ya mshahara ana mwajiri. Majirani na mjumbe wa mtaa wanajua mengi, ila waulize kwa adabu na usimtangaze mtu kuwa ni mwizi, maana hapo unaweza kujiletea kesi nyingine.

Ukishindwa, sheria inakupa mlango: unaweza kuiomba mahakama imwite mdaiwa ahojiwe kwa kiapo kuhusu ajira yake, mali zake na watu wanaomdai au anaowadai. Watu wachache huutumia mlango huu na sijui kwa nini wanaupita. Andaa maswali yako kwenye karatasi. Unaajiriwa na nani? Tangu lini? Unalipwa kupitia benki gani? Gari ulilokuja nalo ni la nani? Akidanganya, amedanganya chini ya kiapo, na maneno yake yameshaingia kwenye kumbukumbu.

Fomu ya maombi inajazwaje?

Maombi ni ya maandishi na yanasainiwa na wewe au wakili wako. Yanataka namba ya kesi, majina ya pande zote mbili, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, malipo yoyote yaliyokwishafanyika, kiasi kinachodaiwa sasa pamoja na riba na gharama, jina la anayetakiwa kulipa, na mwisho njia unayoomba itumike. Kwenye sehemu hiyo ya mwisho usiandike "naomba nisaidiwe kupata haki yangu". Andika kwamba unaomba sehemu ya mshahara wa fulani, mwajiriwa wa fulani, izuiwe kila mwezi mpaka deni litakapokwisha.

Majina lazima yalingane herufi kwa herufi na yaliyoko kwenye tuzo. Nimewahi kuona maombi yakirudishwa kwa sababu tuzo ilisema "Joseph" na fomu ikasema "Yosefu". Ada inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali utakayopewa; usimkabidhi mtu yeyote fedha mkononi, hata akiwa amevaa kitambulisho.

Mimi nilikosea sehemu ya riba. Niliiacha wazi nikidhani mahakama itaijaza yenyewe. Haikujaza, na miaka yote ile nililipwa 8,400,000 kamili bila senti ya nyongeza.

Riba yenyewe ni kiasi gani?

Baada ya hukumu, riba ni asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine mlichokubaliana wazi kwa maandishi ambacho hakizidi asilimia 12. Inahesabiwa kuanzia siku ya hukumu hadi deni linapomalizika. Kwa deni la 6,000,000 ni shilingi 420,000 kwa mwaka, yaani 35,000 kwa mwezi. Shika hiyo 35,000 kichwani, tutaihitaji sasa hivi.

Mwajiri atakata kiasi gani?

Hawezi kukata wote. Sheria inakinga sehemu ya mshahara ili mdaiwa aweze kuishi na kulisha watu wake, na mahakama inapanga kiasi cha kila mwezi baada ya kuona hali halisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamkataza mwajiri kukata mshahara ovyo, lakini inaruhusu makato yanayotokana na amri ya mahakama. Kwa hiyo mwajiri akikuambia "sheria ya kazi hairuhusu", mwoneshe amri yenye muhuri.

Kwa watumishi wa umma kuna jambo ambalo kila mhasibu atakutajia: mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayowavunja moyo watu na ni afadhali uivunjikie moyo leo kuliko mwakani.

Chukua mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa 900,000. Theluthi yake ni 300,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 27,000. Kodi ya mapato inakaribia 92,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Serikali, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 135,000. Ana mkopo wa benki wa kujengea, rejesho 250,000. Jumla ni karibu 549,000, na mkononi anabaki na kama 351,000. Nafasi iliyobaki juu ya ile theluthi ni 51,000 tu, na hapo sijahesabu ada ya chama cha wafanyakazi.

Sasa rudisha ile 35,000 ya riba. Ukiwa na tuzo yenye deni la 6,000,000 na unapokea 51,000 kwa mwezi, mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya unachopokea ni riba tupu, na deni lenyewe linapungua kwa 16,000 tu kila mwezi. Mtu wa namna hii usimtegemee kwa mshahara peke yake. Tafuta kama ana kiwanja, gari au duka, na mshahara uwe wa kusindikiza.

Halafu kuna jambo la foleni. Rejesho la benki lililokwishaingia kwenye mfumo wa mishahara kabla ya amri yako haliondoki kwa sababu wewe umekuja. Mdaiwa mjanja akisikia umeshinda, kesho yake anakwenda kuongeza mkopo ili mshahara ujae. Ndiyo maana nasema wiki ileile.

Amri ikitoka, nani anaipeleka kwa mwajiri?

Mahakama, kupitia mpeleka nyaraka aliyeteuliwa. Unaweza kufuatana naye ukamwonesha ofisi ilipo, na mimi nashauri ufanye hivyo. Kwa mtumishi wa halmashauri amri inakwenda kwa mkurugenzi. Kwa kampuni inakwenda kwa mtu mwenye mamlaka ya kulipa mishahara.

Mimi nilifuatana naye. Mhasibu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akaisoma amri mara mbili, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna muhuri, akavuta daftari kubwa akaandika tarehe na saa. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, akaunti ya mahakama iko wapi humu?" Haikuwemo. Amri ilisema fedha ziwasilishwe mahakamani lakini haikutaja namna ya kuziwasilisha. Tulipoteza mwezi mzima kwa kurudi kuomba irekebishwe. Kabla hujatoka kwa karani, isome amri yako: jina la mdaiwa, namba yake ya utumishi kama unayo, kiasi cha kila mwezi, mwezi wa kuanza, na fedha zinakwenda wapi.

Mwajiri amepokea amri lakini hakati. Au anasema huyo si mfanyakazi wake.

Akisema si mfanyakazi wake, aseme kwa maandishi mahakamani. Kama kweli mtu ameacha kazi, barua ya mwajiri inakusaidia kubadili njia bila kupoteza miezi. Kama ni uongo, ushahidi wa ajira unaupeleka kwa hakimu.

Akikaa kimya, andika barua fupi kwa mahakama ukieleza tarehe amri ilipopokelewa, ambatisha nakala iliyosainiwa, omba mwajiri aitwe aeleze kwa nini hajatii. Mara nyingi wito huo unatosha. Mwajiri hana ugomvi na wewe, na hakuna mkurugenzi anayetaka kusimama kizimbani kujibu kudharau mahakama kwa ajili ya deni la dereva wake. Usiende kugombana getini.

Mdaiwa ni mpagazi wa mlima, au guide. Analipwa kwa safari. Je?

Swali hili ni la kwetu kabisa, na silioni likijibiwa popote.

Wagumu, kama wapagazi wenyewe wanavyoitana, wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanaitwa safari ikipatikana, wanapanda, wanashuka Mweka au Marangu, wanalipwa posho zao na kugawana bakshishi, kisha wanasubiri safari nyingine. Aprili na Mei mvua zikiwa nyingi wanaweza kukaa wiki nyingi bila kitu. Ukiomba "asilimia fulani ya mshahara kila mwezi", amri itapita miezi mitupu.

Kinachowezekana kisheria ni kukamata deni ambalo yeye anaidai kampuni kwa safari alizokwishafanya, maana fedha ambazo mtu wa tatu anadaiwa na mdaiwa wako nazo hukamatwa. Lakini sema ukweli na nafsi yako: fedha hizo ni kidogo, zinalipwa haraka, na kampuni ikiona usumbufu inaacha tu kumwita. Hapo utakuwa umemnyima kazi na wewe hujapata kitu. Kwa mgumu mimi nashauri makubaliano ya malipo yaliyosajiliwa mahakamani, yanayofuata msimu: kiasi kikubwa Julai hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari, kidogo au sifuri wakati wa masika. Nimeyaona yakiheshimiwa kuliko amri za karatasi.

Guide mwenye mkataba wa mwaka, dereva wa kampuni, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini au wa shamba la maua Usa River ni habari tofauti. Huyo ana mshahara, fuata njia ya kawaida.

Na mkulima wa kahawa je?

Hana mshahara, lakini malipo ya kahawa yake yanayosubiri kwenye chama cha msingi cha ushirika ni fedha anazodai. Kumbuka tu kwamba sheria inalinda zana za kilimo na vile vinavyomwezesha mkulima kuendelea kulima.

Kama hana ajira kabisa, dalali anaweza kukamata nini?

Dalali wa mahakama ni mtu aliyeteuliwa na Mahakama chini ya kanuni za mwaka 2017, na hafanyi lolote bila hati mkononi. Vitu asivyoruhusiwa kugusa ni pamoja na nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi anazojipatia riziki, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Pensheni ya mtumishi wa Serikali aliyestaafu nayo imekingwa. Gari, kiwanja kisicho na makazi, bidhaa za dukani, hivyo vinakamatika.

Mke, kaka au mtu mwingine akija kusema kilichokamatwa ni chake, anafungua pingamizi mahakamani na hakimu anachunguza. Usikasirike, mara nyingine ni kweli chake.

Naweza kuomba afungwe?

Unaweza, na kila wiki mtu ananiomba nimwandikie maombi hayo akiwa na hasira. Mahakama huiweka njia hii mwisho. Mdaiwa anaitwa kwanza aeleze kwa nini asipelekwe gerezani, na ikionekana hana uwezo kwa kweli, hafungwi kwa umaskini wake. Njia hii inamfaa mwenye uwezo anayeficha mali au kukwepa kwa makusudi.

Akifungwa, gharama za kumlisha unalipa wewe. Kifungo hakizidi miezi 6. Akitoka, deni bado lipo, ila kwa tuzo hiyohiyo huwezi kumrudisha ndani. Na mwajiri gani atamtunzia mtu kazi miezi 6? Kama alikuwa na mshahara, umeuua.

Amekata rufaa. Nisimame?

Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Lazima aombe zuio na mahakama ilitoe, mara nyingi kwa sharti la kuweka dhamana. Mwombe akuoneshe amri ya zuio. Barua ya wakili wake inayosema "tumekata rufaa" si zuio.

Alikuwa Moshi, sasa amehamishiwa Dodoma.

Kama ni mtumishi aliyehamishwa, mwajiri anaweza kuwa yuleyule au halmashauri nyingine. Uliza kabla hujafanya lolote. Ikilazimu, mahakama iliyotoa tuzo inaihamishia mahakama ya huko alipo ili itekelezwe huko. Huanzi kesi upya.

Ananitumia hela kwa simu kidogo kidogo. Kuna shida?

Shida ipo kwenu wote wawili. Malipo yaliyofanyika nje ya mahakama yasipoandikishwa mahakamani, mahakama inayotekeleza haiyatambui. Mdaiwa anaweza kulipa 2,000,000 kwa M-Pesa halafu akakamatiwa mali kwa deni zima. Na wewe mdai ukipokea ukanyamaza, ukaomba kiasi chote kwenye fomu, umeidanganya mahakama. Kila mnapofikisha kiasi fulani, nendeni pamoja mkaandikishe. Mdaiwa akiona unachelewa, yeye mwenyewe anaweza kupeleka taarifa.

Tuzo yangu ni ya CMA, si ya mahakama.

Tuzo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, inatekelezwa kupitia Mahakama ya Kazi kama vile ni tuzo ya mahakama. Hapa kwa kawaida anayedaiwa ni mwajiri, kwa hiyo mshahara haupo. Tafuta akaunti za benki, magari, na fedha anazodai kwa wateja wake.

Mimi ndiye ninayedaiwa. Mshahara wangu umeanza kukatwa na siwezi kulipa kodi ya nyumba.

Nenda mahakamani, usikimbie kazi. Peleka hati zako za mshahara za miezi mitatu, mkataba wa pango, risiti za ada za watoto, uombe kiasi cha kila mwezi kiangaliwe upya. Mahakama inaweza kuruhusu ulipe kwa mafungu unayoyaweza. Mdai akiona umekuja na karatasi na umekuja mwenyewe, mara nyingi anakubali, kwa sababu 80,000 ya uhakika inamfaa kuliko 150,000 itakayokatika utakapoacha kazi. Ukitishiwa kufukuzwa kwa sababu tu mshahara wako unakatwa kwa amri ya mahakama, andika tarehe na maneno uliyoambiwa, uende CMA mapema.

Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza hii. Yule bwana wangu alikuwa na watoto wanne. Tulipanga 150,000 kwa mwezi, miezi 56. Mwanzoni nilitaka 300,000 na hakimu akakataa. Nilimkasirikia sana hakimu yule. Angekubali, dereva angeacha kazi kabla ya Krismasi.

Lazima niwe na wakili?

Hapana. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na fomu hizi mtu aliyemaliza darasa la saba anazimudu akielekezwa. Kama kuna pingamizi, rufaa au nyumba inauzwa, tafuta wakili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uliza kwenye halmashauri yako wakuelekeze kwa watoa huduma waliosajiliwa.

Mdaiwa amefariki.

Deni linafuata mali alizoacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Halifuati mifuko ya watoto wake.

Deni limeisha. Kuna kitu cha kufanya?

Kipo, na ni cha wewe mdai. Andika barua kwamba tuzo imelipwa yote, uipeleke kwenye jalada, na uombe mwajiri aandikiwe aache kukata. Usipofanya hivyo makato yanaweza kuendelea mwezi mwingine na utalazimika kurudisha.

Mimi nilikwenda Desemba 2019. Karani alilitoa jalada, limenona kwa zile stakabadhi 56, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba limefungwa. Yule bwana alikuwa amekuja pia, amevaa sare ya kazi. Hatukuwa tumesemeshana tangu 2014. Akasaini, mimi nikasaini, tukatoka nje kila mtu akaelekea stendi yake.